SOMO: Soma karte mbele ya kutia sahihi



Siku hizi karte zinaingia vijijini mwetu kupitia milango mingi. Moja inaletwa na watu wa pori ya jamii. Ingine inaletwa na kampuni inayotafuta miti ao konsesio. Ingine iko ndani ya telefone ya mnunuzi wa kakao ao kahawa. Zote zinafanana kwa jambo moja: pale chini kuna fasi ya kutia sahihi ao kidole. Na mara nyingi mwenye kutia sahihi anaangalia rangi, anatafuta jina la kijiji chake, analiona, anasema «ndiyo, ni kwetu», na anatia.

Jina la kijiji halitoshi. Kijiji ndani ya karte ni nukta moja tu. Ardhi yenu ni ule mstari unaozunguka nukta ile, na mstari ule ndio watu watakuja kuonyesha kesho mbele ya shefu, ya jeometre ao ya tribinali. Tangu mwaka 2023, ng'ambo ya mto upande wa Lubunga, tumeona namna mgogoro wa ardhi kati ya jamii mbili jirani ulivyofukuza maelfu ya watu mpaka wakakimbilia Kisangani. Karte peke yake haizuie vita. Lakini mpaka ambao majirani wote wanausoma namna moja unapunguza maneno mengi.

Somo hili linafundisha maneno ya karte ambayo kila memba anapaswa kujua, hata yule ambaye hakumaliza shule. Usome taratibu, na ufanye mazoezi ya mwisho pamoja na wenzako.

1. Karte na kroki

Karte (wengine wanasema ramani) ni picha ya ardhi inayochorwa sawa vile ndege anaiona kutoka juu, na kwa kipimo. Kroki ni picha ambayo tunachora kwa mkono, chini kwa kijiti ao kwenye karatasi, bila kipimo. Kroki ni kitu kizuri: inakusanya akili ya wazee, inaonyesha chemchemi, makaburi, miti ya mawese ya kijiji cha zamani. Lakini kroki haipimi hekta. Mtu akikuletea kroki na kukuambia «hapa ni hekta 20», uliza alizipima namna gani.

2. Kaskazini ni juu ya karatasi. Lakini angalia maneno «juu» na «chini»!

Kwenye karte nyingi, upande wa juu ni kaskazini, chini ni kusini, mkono wa kuume ni mashariki, mkono wa kushoto ni magharibi. Kwa Kifaransa karte inaandika N, S, E na O. Ile O ni magharibi, si zero. Telefone nyingi zinaandika W pahali pa O. Karte nzuri iko na mshale unaoonyesha kaskazini. Kama mshale hauko, uombe.

Tuchukue barabara yetu. Kisangani iko kusini ya Bengamisa, karibu kilomita 50. Banalia na Buta ziko kaskazini. Kwa hiyo ndani ya karte Kisangani inakuwa chini yetu na Buta juu yetu. Hapo hakuna shida.

Shida inakuja na mto. Sisi wote tunasema «juu ya mto» kwa kule maji yanakotoka, na «chini ya mto» kwa kule yanakokwenda. Mtu anayetoka Kisangani kwenda Ubundu anasema anapanda mto, na anasema kweli, kwa sababu maji yanatoka kule. Lakini ndani ya karte, Ubundu iko chini ya Kisangani, kwa sababu iko kusini! Lindi nayo inatoka mashariki, inapita Bafwasende, inakuja kukata barabara ya Kisangani–Buta, kiisha inaingia ndani ya mto Kongo. «Juu ya Lindi» ni mkono wa kuume wa karatasi. Basi mukiandika mpaka, musiandike «juu» wala «chini». Andika kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Ao andika «upande maji yanakotoka» na «upande maji yanakokwenda».

Kama hauna busole, simika kijiti cha mita moja asubuhi fasi ya wazi. Weka jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Ngoja nusu saa, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea karibu mashariki. Simama jiwe la kwanza likiwa kushoto yako na la pili kuume yako: uso wako unaangalia kaskazini. Usitumie kivuli cha saa sita ya mchana bila kufikiri. Kwetu hapa karibu na Ekwateri, mwezi wa Juni kivuli cha mchana kinalala upande wa kusini, na mwezi wa Desemba kinalala upande wa kaskazini.

3. Ukingo wa kuume na ukingo wa kushoto

Hapa watu wengi wanapotea. Ukingo wa kuume wa mto hauhesabiwi na mahali unaposimama ao unapotokea. Kanuni ni moja kwa mito yote ya dunia: geuza mgongo wako kule maji yanakotoka, angalia kule yanakokwenda. Mkono wako wa kuume unaonyesha ukingo wa kuume.

Mfano tunaoujua wote: katikati ya mji wa Kisangani iko ukingo wa kuume wa mto Kongo, na Lubunga iko ukingo wa kushoto. Lindi na Aruwimi zinaingia Kongo kwa ukingo wa kuume. Lomami inaingia pale Isangi kwa ukingo wa kushoto.

Sasa fikiria mlimaji anayetoka barabarani, anafuata kijito kwenda ndani ya pori, na maji yanamjia usoni. Anasema, «shamba yangu iko ku mukono ya kuume ya mayi». Mwandishi anaandika: ukingo wa kuume. Kwa kweli shamba iko ukingo wa kushoto. Kwa neno moja tu, karatasi imempa mtu shamba la jirani yake, na jirani naye atakuja kupata karatasi yake. Ndiyo maana mbele ya kuandika neno «ukingo», mutu mumoja atupe jani ndani ya maji, na wote waone linaelekea wapi.

4. Eshele: karte imepunguza ardhi mara ngapi?

Eshele ni namba inayosema ardhi imepunguzwa mara ngapi ili iingie ndani ya karatasi. Inaandikwa 1/50.000 ao 1/200.000. Maana yake: sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50.000 ao 200.000 kwenye ardhi. Ili kupata mita, ondoa zero mbili za mwisho. Kwa hiyo:

– 1/10.000: sentimita 1 ni mita 100.
– 1/50.000: sentimita 1 ni mita 500.
– 1/200.000: sentimita 1 ni kilomita 2.

Kilomita 50 za kwenda Kisangani zinakuwa sentimita 25 kwenye karte ya 1/200.000, lakini mita moja nzima kwenye karte ya 1/50.000. Namba ya chini ikiwa kubwa, karte inabeba inchi kubwa lakini inaonyesha vitu vichache. Ni sawa na kupanda mti wa mawese na kupanda ndege: ukiwa kwenye mti unaona shamba la jirani, ukiwa ndani ya ndege unaona teritware nzima lakini shamba halionekani tena.

Sasa sikieni jambo ambalo linagusa mfuko. Mistari ya mpaka inachorwa na kalamu, na kalamu iko na unene. Chukua kalamu inayoandika mstari wa milimita moja. Kwenye karte ya 1/200.000, milimita ile ni mita 200 za ardhi. Mpaka wa kilomita 3 ukichorwa hivyo, ndani ya wino peke yake mumeficha hekta 60! Hekta 60 ambazo hakuna anayejua ni za nani. Kwenye 1/50.000 wino unaficha hekta 15. Kwenye 1/10.000, hekta 3. Kwa hiyo karte ya 1/200.000 ni nzuri kwa kuonyesha barabara, mito na vijiji. Kwa mpaka wa mashamba, omba karte ya eshele ya karibu zaidi, na omba mpaka uandikwe pia kwa maneno: kijito gani, mlima gani, mti gani, borne gani.

Jambo la pili: fotokopi. Karte ikipunguzwa kwa mashini ao ikipigwa picha na telefone, ile namba 1/50.000 inabaki imeandikwa, lakini si kweli tena. Angalia kama chini ya karte kuna mstari mdogo uliogawanywa, ulioandikwa 0, 1, 2 km. Ule unapungua pamoja na karte, kwa hiyo haudanganyi. Pima na ule.

5. Hekta

Hekta moja ni mraba wa mita 100 kwa mita 100. Ari moja ni mita 10 kwa mita 10, na hekta moja iko na ari 100. Kilomita mraba moja ni hekta 100.

Kwenye karte ya 1/50.000, mraba wa sentimita 1 kwa 1 ni hekta 25. Kwenye 1/200.000, mraba ule ule mdogo ni hekta 400.

Hesabu hii inafaa kwa mambo makubwa pia. Dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupata konsesio ya pori ya jamii mpaka hekta 50.000. Namba inasikika sawa na hewa. Ichore: ni inchi ya kilomita 25 kwa kilomita 20. Kwenye karte ya 1/200.000 ni sentimita 12 na nusu kwa sentimita 10, mkono wako mmoja unaifunika. Mtu akikuambia «tunaomba kipande kidogo tu», weka rula juu ya karte na uhesabu wewe mwenyewe.

6. Lejande na mwaka

Lejande ni kisanduku kinachoeleza alama na rangi: mstari mwekundu ni barabara, wa buluu ni mto, nukta nyeusi ni kijiji, na kadhalika. Usidhani rangi ya kijani ni «pori ya bure». Shamba lililopumzishwa miaka 15 linaonekana kijani kwenye picha ya satelite, karibu sawa na pori kubwa. Lakini jamaa yako inajua ni la nani, na nani alilima pale mwisho. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, artikili 388, inasema ardhi ya jamii ni ile ambayo wanakaa, wanalima ao wanatumia namna yoyote kufuatana na desturi. Namna yoyote: kutega samaki, kuokota uyoga na viwavi, kukata kamba, kuzika wafu. Kama vitu hivi haviko ndani ya lejande, karte itasema hakuna mtu. Basi omba viongezwe.

Angalia pia mwaka. Karte nyingi za 1/200.000 za inchi yetu zilichorwa mbele ya uhuru wa 1960. Tangu pale, vijiji vimehama, barabara zingine zimekufa, majina yamebadilika. Jina la kijiji kisichokuwako leo si kosa la bure: linaweza kuonyesha kilimo cha babu zenu. Lakini linaweza pia kumpotosha mgeni. Wazee waseme mbele ya wote: hapa palikuwa nani, na walihamia wapi.

7. Koordone: anwani ya shamba

Telefone yenye GPS inatoa namba mbili. Ya kwanza ni latitide: uko mbali gani na Ekwateri, kaskazini ao kusini. Ya pili ni lonjitide: uko mbali gani na mstari unaopita Greenwich, London, mashariki ao magharibi. Bengamisa iko karibu digri 1 kaskazini na digri 25 mashariki. Digri moja kwetu ni karibu kilomita 111.

Makosa matatu yanarudia rudia:

Kosa la kwanza ni herufi. Ukiandika S pahali pa N, shamba la Bengamisa linaruka zaidi ya kilomita 200 na kuanguka kusini ya Ekwateri, kupita Ubundu.

Kosa la pili ni kugeuza namba. Ukiandika 25 kaskazini na 1 mashariki, kakao yako inaota Algeria, katikati ya jangwa la Sahara.

Kosa la tatu ni kuchanganya dakika na desimali. Kisangani iko digri 0 dakika 31 kaskazini. Digri moja iko na dakika 60, kwa hiyo dakika 31 ni zaidi kidogo ya nusu digri: 0,52. Ukiandika 0,31, umeusogeza mji kilomita 23 kusini.

Namba zilizo nyuma ya virgile (telefone zingine zinaweka nukta) ndizo zinaonyesha mahali kabisa. Namba tatu: uko ndani ya mita 111. Nne: mita 11. Tano: mita moja. Hata hivyo telefone chini ya miti mikubwa inaweza kukosea zaidi ya mita 10. Simama fasi ya wazi, ngoja dakika chache, kisha andika.

Kwa nini mnunuzi anaomba namba hizi? Umoja wa Ulaya uko na sheria namba 2023/1115, ambayo tarehe ya kuanza kwake imeahirishwa. Sheria ile inaomba kakao, kahawa, mawese na mbao zinazoingia Ulaya zijulikane zilitoka shamba gani, na shamba lisiwe limetoka kwenye pori iliyokatwa nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba la hekta 4 ao chini, nukta moja inatosha. Kwa shamba kubwa kuliko hapo, wanaomba mzunguko wote wa mpaka. Memba ambaye koordone zake zinaanguka ndani ya pori ya jirani anaweza kukosa soko, hata kama kakao yake ni nzuri. Koperative iweke daftari: jina la memba, hekta, latitide, lonjitide, tarehe, na jina la yule aliyepima. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumbukeni: kumpa mnunuzi koordone si kumpa ardhi. Na koordone peke yake si sertifika. Ni anwani tu.

8. Mbele ya kutia sahihi

Kabla hamujatia sahihi kwenye karte yoyote, muulize maswali haya kwa sauti, mbele ya watu:

– Kaskazini iko wapi? Mtu ageuze karte mpaka ikae sawa na ardhi tunayokanyaga.
– Eshele ni ngapi, na mstari wa mpaka una unene wa mita ngapi?
– Karte ni ya mwaka gani, nani aliichora?
– Ndani ya mpaka kuna mito gani, na tuko ukingo gani?
– Mashamba yaliyopumzishwa, makaburi na fasi za kuvua samaki yako wapi?
– Jirani upande wa pili wa mpaka ameuona mstari huu na kuukubali?

Kiisha mutembee. Chagueni vijana wawili, wazee wawili na mama wawili, wafuate mpaka kwa miguu wakiwa na karte mkononi, pamoja na watu wa kijiji jirani. Musiache wamama. Wao ndio wanaenda kila siku kwenye mashamba ya mihogo na kwenye vijito, na mara nyingi wanajua majina ya maji madogo kuliko sisi wanaume. Hapa Bengamisa kuna pia wanafunzi wa agronomia. Mukiwaomba, wanaweza kuja na dekametre na kujifunza kazi yao shambani mwenu. Fasi ambapo miguu na karte havikubaliane, ni karte inayorudishwa kusahihishwa. Na kama mwenye karte anasema hana wakati wa kungoja, hiyo ni sababu nzuri ya kutotia sahihi siku hiyo.

Ombeni pia kopi. Karte iliyotiwa sahihi na kuondoka yote haisaidie kijiji. Moja ibaki kwa shefu, moja ndani ya sanduku la koperative.

Mazoezi ya kufanya kwenye mkutano

1. Kwenye karte ya 1/50.000, mpaka uko na sentimita 6. Ni kilomita ngapi?
2. Kwenye karte ile ile, kipande kiko na sentimita 4 kwa sentimita 3. Ni hekta ngapi?
3. Umesimama kwenye daraja, maji yanakujia usoni. Shamba liko mkono wako wa kushoto. Ni ukingo gani?
4. Karatasi ya memba wa Bengamisa imeandikwa: 1,002 S, 25,2 E. Kosa liko wapi?

Majibu: 1) Kilomita 3. 2) Kilomita 2 kwa kilomita 1 na nusu, ni kilomita mraba 3, ni hekta 300. 3) Ukingo wa kuume, kwa sababu unapaswa kugeuka na kuangalia kule maji yanakokwenda. 4) Herufi S, ingepaswa kuwa N.

Aliyepata yote manne amfundishe jirani yake wiki hii. Kijiji chenye msomaji wa karte mmoja kinaweza kudanganywa siku anaposafiri. Kijiji chenye wasomaji kumi, mgeni anafikiri mara mbili.